Haki za Mwanamke katika Maazimio ya Umoja wa Mataifa juu ya Afghanistan: Tuyapime kwa Mizani Gani?

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake, Masahaba zake na kila aliyefuata mwendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Baada ya darsa moja ya Magharibi mzee mmoja katika wanaohudhuria alitusogelea akatueleza kwamba amemtoa binti yake skuli alipomaliza darasa la saba. Tulipomuuliza sababu akajibu: "Sheikh, kule Afghanistan wanakohukumu kwa Sheria wasichana wanaishia darasa la sita. Mimi ni nani hata nizidishe?" Kijana mmoja wa chuo aliyekuwa karibu akadakia kwamba Umoja wa Mataifa umeshapitisha maazimio mengi ya kumtetea mwanamke wa Kiafghani, na kwamba lau si maazimio hayo mwanamke wa Kiislamu asingekuwa na wa kumsemea.

Hatukuridhika na kauli ya mzee, wala ya kijana. Mzee ameifanya amri ya serikali kuwa ni dalili ya kisheria, ilhali dalili zinajulikana: Qur'ani, Sunna, Ijmaa na Qiyasi. Kijana naye ameufanya ukumbi wa New York kuwa ndio chimbuko la haki, ilhali haki hizo ziliteremka Madina miaka zaidi ya 1,300 kabla ya Umoja huo kuundwa mwaka 1945. Kwa kuwa maimamu wetu wanaulizwa suala hili kila uchao, tumeona vyema tulieleze kwa utulivu: maazimio hayo ni nini, yamesema nini, na Mwislamu ayapime vipi.

Azimio ni nini na lina nguvu gani?

Wengi huchanganya vitu vitatu. La kwanza ni maazimio ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, ambamo kila nchi mwanachama ina kura moja. Haya kwa kawaida ni mapendekezo. La pili ni maazimio ya Baraza la Usalama, lenye wajumbe 15, watano kati yao wakiwa wa kudumu na wenye kura ya turufu. Kwa mujibu wa ibara ya 25 ya Hati ya Umoja wa Mataifa, nchi wanachama zimekubali kuyatekeleza maamuzi ya Baraza hilo. Hata hivyo si kila sentensi ya azimio ni uamuzi. Lipo neno la kulazimisha, lipo la kuhimiza, na lipo la kueleza masikitiko tu, na msomaji wa Usulul Fiqhi hatashangaa, kwani kwetu pia si kila amri ni ya wajibu.

La tatu ni mikataba. Ulio mashuhuri katika mlango huu ni Mkataba wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi dhidi ya Wanawake, uliopitishwa tarehe 18 Desemba 1979 na kuanza kutumika Septemba 1981. Mkataba huifunga nchi iliyouridhia tu, na nchi inaporidhia inaweza kuweka tahafudhi, yaani kutangaza kwamba haifungwi na kifungu fulani. Misri, kwa mfano, iliweka tahafudhi juu ya kifungu cha 16 kinachohusu ndoa, ikitaja Sheria ya Kiislamu. Marekani, inayowahubiria wengine, ilitia saini mwaka 1980 na haijauridhia.

Afghanistan kabla ya maazimio

Suala la mwanamke wa Afghanistan halikuanza na Taliban. Mfalme Amanullah Khan, aliyetawala toka 1919 mpaka 1929, na mkewe Malkia Soraya walifungua skuli ya wasichana Kabul mwaka 1921. Lakini mfalme huyo alikwenda mbio hata akagusa mavazi ya watu na desturi zao, makabila yakaasi, na mwanzoni mwa 1929 akauacha ufalme. Katiba ya 1964 iliwapa wanawake haki ya kupiga kura.

Mwaka 1978 makomunisti walipindua serikali, na Oktoba ya mwaka huo wakatoa amri nambari saba juu ya ndoa. Amri hiyo ilikataza ndoa za kulazimisha, jambo ambalo ni la haki, lakini pia ikaweka kwamba mahari isizidi dirhamu kumi, sawa na afghani 300. Wanafunzi wa fiqhi waitazame vizuri nambari hii. Dirhamu kumi katika madhehebu ya Imam Abu Hanifa (R.A.), ambayo ndiyo ya Waafghani walio wengi, ni kiwango cha chini kabisa cha mahari. Makomunisti walichukua sakafu wakaigeuza kuwa dari! Mwenyezi Mungu (S.W.) katika Suratun Nisaa aya ya 20 amemkataza mume kuchukua chochote katika alichompa mke hata kama ni mrundo wa mali, na maulamaa wametoa humo kwamba mahari haina mpaka wa juu. Imepokewa pia kwamba Sayyidna Umar (R.A.) alipotaka kuiwekea mahari mpaka, mwanamke mmoja alimpinga kwa aya hiyo hiyo naye akarudi nyuma. Wataalamu wa Hadithi wameizungumza sanadi ya kisa hicho, wengine wakaidhoofisha, lakini hukumu yenyewe haitegemei kisa, inategemea aya.

Amri ya 1978 ilisema ni kwa ajili ya mwanamke, lakini kwa upande wa mahari ilimpunguzia haki yake. Hili tulikumbuke, maana litarudi.

Kisha yakaja majeshi ya Kisovieti Desemba 1979, yakatoka Februari 1989. Vikafuata vita vya wenyewe kwa wenyewe, na Septemba 1996 Taliban wakaingia Kabul, wasichana wakafungiwa milango ya skuli.

Maazimio yenyewe

Haukupita mwezi toka kutekwa Kabul, Baraza la Usalama likapitisha azimio nambari 1076 la tarehe 22 Oktoba 1996, ambamo pamoja na mambo ya vita lililaani ubaguzi dhidi ya wasichana na wanawake. Azimio 1214 la Desemba 1998 likataka ubaguzi huo ukomeshwe.

Tarehe 31 Oktoba 2000 likaja azimio 1325, ambalo si la Afghanistan peke yake. Maana yake kwa muhtasari ni kwamba wanawake washirikishwe katika kuzuia vita, katika mazungumzo ya amani na katika kuijenga nchi baada ya vita, na kwamba walindwe wakati wa mapigano. Namibia ndiyo iliyokuwa mwenyekiti wa Baraza mwezi huo, na azimio lilipita bila ya kura ya kupinga. Wapo wanaodhani kwamba hili ni la Wazungu tupu. Katika wajumbe waliolipigia kura zilikuwamo Bangladesh, Malaysia, Mali na Tunisia, nchi nne za Waislamu, na Bangladesh ilikuwa miongoni mwa waliolisukuma jambo hili mapema mwaka huo ilipoongoza Baraza mwezi wa Machi.

Baada ya Marekani kuivamia Afghanistan Oktoba 2001, azimio 1378 la tarehe 14 Novemba lilieleza sifa za serikali mpya inayotakiwa, moja ikiwa ni kuheshimu haki za Waafghani wote bila ya kujali jinsia, kabila wala dini. Tarehe 5 Desemba yakatiwa saini Makubaliano ya Bonn, na kesho yake azimio 1383 likayaunga mkono. Wanawake wawili wakaingia katika serikali ya mpito: Bibi Sima Samar katika mambo ya wanawake na Bibi Suhaila Siddiqi katika afya. Machi 2002 azimio 1401 likaanzisha ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa kuisaidia nchi hiyo.

Tarehe 5 Machi 2003 Afghanistan ikauridhia mkataba wa 1979, bila ya tahafudhi hata moja. Januari 2004 Loya Jirga yenye wajumbe 502 ikapitisha katiba. Ibara ya 3 ilisema hapana sheria itakayopingana na itikadi na hukumu za Uislamu. Ya 7 ikasema dola itafuata mikataba ya kimataifa iliyoingia. Ya 22 ikasema mwanamume na mwanamke wana haki na wajibu sawa mbele ya sheria. Ya 83 ikawatengea wanawake idadi ya viti, ikawa 68 kati ya 249 vya Baraza la Wananchi. Ibara ya 130 ikarejesha kwenye fiqhi ya Hanafi pale palipokosekana hukumu, na ya 131 ikawaachia Mashia mambo yao ya ndoa na mirathi.

Nchi ilijengwa juu ya ibara zinazovutana, na hapakupatikana mwafaka wa maulamaa na wanasheria wa kuzipatanisha. Sheria ya kuondoa ukatili dhidi ya wanawake ilitolewa kwa amri ya Rais mwaka 2009. Ilipopelekwa bungeni Mei 2013, mjadala ulizimwa kwa kuwa baadhi ya wabunge waliona vipengele vyake vinapingana na Sheria.

Tarehe 29 Februari 2020 Marekani na Taliban walitiliana saini Doha. Katika makubaliano hayo mwanamke hakutajwa hata kwa neno moja. Waliosema miaka yote kwamba wapo huko kwa ajili yake, walipotaka kuondoka walimsahau. Tarehe 15 Agosti 2021 Taliban wakarejea Kabul. Machi 2022 skuli za sekondari zikafungiwa wasichana siku ile ile zilipotarajiwa kufunguliwa. Desemba 2022 vyuo vikuu vikafuata, pamoja na kazi katika mashirika yasiyo ya serikali. Aprili 2023 wakakatazwa pia kufanya kazi katika Umoja wa Mataifa. Baraza la Usalama likajibu kwa azimio 2681 la tarehe 27 Aprili 2023, lililopita kwa kura zote 15, na walioliandaa ni Japani na Umoja wa Falme za Kiarabu. Hata hivyo zuio halikuondolewa, na Desemba 2024 likafika hata kwenye vyuo vya ukunga na uuguzi. UNESCO ilitaja mwaka 2024 kwamba wasichana wasiopungua milioni 1.4 wamenyimwa masomo ya sekondari.

Je, Mwislamu anaweza kuafikiana na wasiokuwa Waislamu juu ya haki?

Hapa ndipo penye fiqhi. Wapo wanaosema: yaliyotoka kwa makafiri hayatufai hata yakiwa mazuri. Kauli hii inabomoka mbele ya Sira. Mtume (S.A.W.) kabla ya Utume alihudhuria katika nyumba ya Abdallah bin Jud-an makubaliano ya Hilful Fudhul, ambamo Makureshi waliahidiana kumsaidia aliyedhulumiwa Makka. Baada ya Utume alieleza kwamba lau angeitwa katika Uislamu kwa mfano wa makubaliano yale angeitika. Waliokubaliana walikuwa washirikina, lakini jambo lenyewe lilikuwa ni haki. Na katika Suratul Maidah aya ya 2 tumeamrishwa kusaidiana katika wema na uchamungu na tumekatazwa kusaidiana katika dhambi na uadui.

Upande wa pili wapo wanaosema: tumeshatia saini, basi yote yapite. Hawa nao tunawarejesha Hudaibiya, mwaka wa 6 Hijria. Mtume (S.A.W.) aliandikiana na Makureshi kwamba atakayekimbilia Madina kutoka kwao atarudishwa, na akamrudisha Abu Jandal (R.A.) hali ya kuwa amefungwa minyororo, Waislamu wakilia. Kisha akaja Ummu Kulthum bint Uqba (R.A.), binti wa adui mkubwa wa Uislamu, ameihama Makka na ndugu zake. Wakafika kaka zake wawili, Umara na Walid, kumdai kwa mujibu wa mkataba. Ikateremka aya ya 10 ya Suratul Mumtahina, ikaamrisha kwamba wanawake waumini wanaohama wajaribiwe imani zao, na wakithibitika wasirudishwe kwa makafiri, na waume zao walipwe mahari waliyotoa.

Maulamaa wamekhitalifiana: je, wanawake walikuwamo katika mkataba kisha aya ikawatoa, au hawakuwamo toka mwanzo? Wenye kauli ya pili wametegemea kwamba katika moja ya mapokezi ya Bukhari lafudhi ya sharti imekuja kwa neno "rajul", yaani mwanamume. Kwa kauli yoyote utakayoishika, utapata misingi mitatu. Kwanza, hali ya mwanamke katika mkataba wa mataifa ni jambo ambalo Wahyi wenyewe uliliingilia kati. Pili, mkataba haupitishi linalomdhuru muumini katika dini yake. Tatu, hata anapotolewa katika sharti, upande wa pili haudhulumiwi. Mahari yao inarudishwa. Tunaweza kusema kwamba hapa upo mfano wa mwanzo wa tahafudhi, na ilikuwa kwa faida ya mwanamke.

Ama kushiriki kwake katika amani, aliyesoma Sira hahitaji azimio 1325 kumfundisha. Katika Baia ya pili ya Akaba walikuwamo wanawake wawili, Nusaiba bint Kaab na Asmaa bint Amri (R.A.). Siku ya Hudaibiya Masahaba walipozubaa kwa huzuni, ni rai ya Ummu Salama (R.A.) iliyowatoa katika uzito ule. Na siku ya Ufunguzi wa Makka Ummu Hani (R.A.) alimpa mtu amani, ndugu yake Sayyidna Ali (R.A.) akataka kumuua mtu yule, na Mtume (S.A.W.) akaipitisha amani aliyoitoa Ummu Hani.

Mafungu matatu

Kwa misingi hiyo tunayagawa yaliyomo katika maazimio na mikataba hii mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni yale ambayo Sheria imeyatangulia. Humo mna kukataza "baad", desturi ya baadhi ya makabila ya Kiafghani ya kumtoa msichana kwa familia ya aliyeuawa ili kumaliza kisasi. Mna kukataza kumlazimisha mwanamke ndoa, Khansaa bint Khidham (R.A.) aliozwa na baba yake asiyemtaka, na Mtume (S.A.W.) akaivunja ndoa ile, kama ilivyo katika Bukhari. Katika madhehebu ya Hanafi mwanamke baleghe mwenye akili haozwi bila ya ridhaa yake, awe bikira au mjane. Kwetu sisi Mashafii baba ana ijbari kwa binti bikira, lakini kwa masharti yaliyotajwa vitabuni, mojawapo kuwa pasiwe na uadui wa dhahiri baina yao na kwamba mume awe kufu yake, na juu ya hayo kumtaka ruhusa ni sunna. Mna pia mirathi, ambayo aya ya 7 ya Suratun Nisaa imewathibitishia wanawake kama wanaume, mali ikiwa kidogo au nyingi.

Na uadilifu unatutaka tuseme kwamba Taliban wenyewe, Desemba 2021, walitoa amri iliyoeleza kwamba mwanamke si mali ya kutolewa kwa ajili ya suluhu, kwamba asiozwe kwa nguvu, na kwamba mjane ana haki ya mirathi na mahari. Amri hiyo ni sahihi na inastahiki kusifiwa. Kasoro yake ni kwamba ilinyamaza juu ya elimu.

Fungu la pili ni yale ya siasa ya kisheria, ambayo hayana nassi ya wazi au yana khilafu. Viti 68 vya bunge ni katika hayo. Hadithi ya Abu Bakra (R.A.) iliyomo katika Bukhari, juu ya watu waliompa mwanamke mambo yao, jamhuri ya maulamaa wameifahamu katika uongozi mkuu wa dola. Ama ukadhi, jamhuri wameuzuia, na Imam Abu Hanifa ameukubali katika yale ambayo ushahidi wa mwanamke unakubaliwa, yaani yasiyokuwa hudud na kisasi. Mambo kama haya wenye nchi washauriane, wasilazimishwe na wageni wala wasikufurishane.

Fungu la tatu ni yale yanayogongana na nassi. Kifungu cha 16 cha mkataba wa 1979, kama kinavyofasiriwa na kamati yake, kinataka usawa wa kila kitu katika ndoa na kuvunjika kwake, nacho kinagusa uwalii, talaka, mitala na mafungu ya mirathi. Hapa Mwislamu husimama. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Waislamu wapo juu ya masharti yao isipokuwa sharti linaloharamisha halali au kuhalalisha haramu, kama alivyopokea Tirmidhi. Njia yake ni tahafudhi, kama zilivyofanya nchi nyingi za Kiislamu. Hata Kenya, ambayo Waislamu ni wachache, katiba yake ya 2010 katika ibara ya 24 imeacha nafasi kwa hukumu za Kiislamu katika Mahakama za Kadhi, kwa wanaojinasibisha na Uislamu, katika ndoa, talaka na mirathi. Kuridhia bila ya tahafudhi, kabla hata katiba haijaandikwa wala bunge kuchaguliwa, lilikuwa ni kosa lililowapa wapinzani silaha: wakaitupa haki ya fungu la kwanza kwa kisingizio cha batili ya fungu la tatu.

Suala la elimu

Turudi kwa mzee wetu. Je, kumkatisha msichana masomo ni katika Sheria? Ibnu Majah amepokea kwamba kutafuta elimu ni faradhi kwa kila Mwislamu. Nyongeza ya "na Mwislamu mwanamke" tunayoisikia mimbarini haikuthibiti katika mapokezi, lakini hatuihitaji, kwani neno la mwanzo linawakusanya wote. Wanawake walimwomba Mtume (S.A.W.) awatengee siku, naye akawatengea. Shifaa bint Abdallah (R.A.) alimfundisha Bibi Hafsa (R.A.) kuandika. Na katika Bukhari, mwenye mjakazi akamfundisha vizuri, kisha akamwacha huru na kumwoa, ana malipo mawili. Ikiwa hii ni daraja ya kumsomesha mjakazi, binti wa kumzaa ni aula zaidi.

Na kwa kuwa wenye amri hii ni Mahanafi, tuwakumbushe aliyekuwa wao. Fatima binti wa Alaud-Din Samarqandi, mwenye Tuhfatul Fuqahaa, aliihifadhi Tuhfa ya baba yake. Kasani, aliyefariki mwaka 587 Hijria, aliisherehesha Tuhfa kwa kitabu chake Badaius Sanai, na sherehe hiyo ikawa ndiyo mahari ya Fatima. Fatwa zilikuwa zikitoka nyumba hiyo zina saini tatu: ya baba, ya mume na yake. Kabla yake alikuwapo Karima wa Marw, aliyefariki mwaka 463 Hijria, ambaye maulamaa walimwendea Makka kusikiliza kwake Sahihul Bukhari. Samarqand na Marw si mbali na Afghanistan.

Watasema: tunaziba njia ya fitina. Tunajibu: Saddudh Dharai huweka mipaka ya njia, haiufuti wajibu. Wekeni stara, tenganisheni madarasa, wekeni walimu wanawake. Vitabu vya fiqhi vimeeleza kwamba mgonjwa mwanamke atibiwe kwanza na mwanamke. Basi atatoka wapi tabibu huyo ikiwa skuli imefungwa darasa la sita na chuo cha ukunga kimefungwa pia? Kanuni inasema kwamba ambalo wajibu hautimii ila kwalo, nalo ni wajibu. Aliyefunga chuo cha wakunga kwa ajili ya stara ameipeleka aura ya mwanamke kwa tabibu mwanamume, au amempeleka mama kaburini.

Hili si letu peke yetu. Sheikh Ahmad Tayyib wa Al-Azhar alieleza Desemba 2022 kwamba zuio la vyuo vikuu linapingana na Sheria. Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu ilituma ujumbe wa maulamaa Kabul mwaka 2022 na 2023. Januari 2025 Rabita ilikusanya maulamaa Islamabad juu ya elimu ya wasichana. Mwezi huo huo Sher Mohammad Abbas Stanikzai, aliyekuwa naibu waziri wa mambo ya nje wa Taliban, alisema hadharani kwamba kufunga skuli hakuna udhuru. Mzee wetu alidhani amefuata ijmaa, kumbe amefuata rai ya wachache iliyopingwa hata ndani ya nyumba yao.

Neno kwa kijana wetu

Naye kijana tunamwambia: usidanganyike na karatasi. Novemba 2001 mke wa Rais wa Marekani alizungumza redioni kwamba vita vyao ni pia kwa ajili ya haki za wanawake. Julai 2002 ndege za nchi hiyo hiyo zilishambulia sherehe ya harusi katika mkoa wa Uruzgan, wakauawa wanawake na watoto. Maazimio hayakuwarudisha waliouawa. Haki inayobebwa juu ya mbawa za ndege za vita, ndege zikiruka na yenyewe huondoka. Tumeyaona hayo Doha.

Lakini uwongo wa mwenye kusema haubatilishi ukweli wa lililosemwa, na dhulma ya mgeni haimhalalishii mwenyeji kudhulumu. Makomunisti walichukua haki wakaichanganya na batili, Marekani wakaichanganya na mabomu, na waliokuja baadaye wakaona afadhali waitupe yote. Katikati yao amebaki msichana wa miaka 13 na kitabu mkononi.

Na sisi je?

Tusiicheke Afghanistan. Mabinti wangapi katika miji yetu huambiwa baada ya msiba: "Nyinyi mmeshaolewa, shamba tuwaachieni kaka zenu"? Mke wa Saad bin Rabii (R.A.) alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) na mabinti zake wawili kulalamika kwamba ami yao ameichukua mali yote, na haikuisha shauri ile mpaka aya ya mirathi ikashuka na ami akaamrishwa kuwapa mabinti thuluthi mbili, mama yao thumuni, naye abaki na kilichosalia. Mama huyo hakuuliza kama ni adabu kudai. Wangapi wameozwa bila ya kuulizwa, na mahari yakaliwa na mabaraza ya wazee? Kila haki tuliyoifungia kabatini, wengine wataiandika upya kwa kalamu zao, na wataongeza na yao.

Tunawausia maimamu mambo matatu. Wasome mirathi na nikaha mimbarini kama wanavyosoma tohara. Wasijibu suala la mwanamke kwa kutaja nchi, bali kwa kutaja dalili. Na wanapoletewa azimio au mkataba, wasiukatae wote wala wasiupokee wote, bali waugawe mafungu matatu tuliyoyataja, kila fungu walipe hukumu yake.

Ama yule mzee, tulikaa naye usiku ule tukamsomea dalili hizi moja baada ya moja. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama skuli itampokea binti yake katikati ya muhula. Tulimwambia akaulize asubuhi, na kwamba tutafuatana naye.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) awaondolee dhiki ndugu zetu wa Afghanistan, wake kwa waume, awaongoze wenye mamlaka wao kwenye haki, na atujaalie sisi kuwa ni wenye kusikiliza kauli na kufuata iliyo njema zaidi. Wallahu Aalamu.